Mashine ya Bujiku na Fedha ya Lambo

Kahama,
Tanganyika,
9 Agosti 1953

Mpendwa dada Melania,

Shikamoo. Sisi wazima; goti la mama limeacha kumsumbua na anakula vizuri. Wewe na shemeji mnaendeleaje huko Tanga? Homa ya watoto imekwisha?

Habari mpya ni ya jana. Karani wa baraza, Athanas, ametangaza kwamba fedha ya lambo haitatolewa kuokoa mashine ya mpunga ya kaka Bujiku. Usishtuke, soma mpaka mwisho.

Unajua kaka alipandisha bei ya kukoboa. Watu wakarudia vinu vyao vya nyumbani, mashine ikasimama. Badala ya kushusha bei, aliomba baraza limlipie madeni. Fedha iliyokuwapo ni ile tuliyokatwa kwenye mauzo ya pamba ili lambo la kunyweshea mifugo lichimbwe. Kiangazi kilichopita ng'ombe wa mama walifia njiani wakitafuta maji.

Kaka alijieleza vizuri. "Mashine hii ni mtoto wa Kahama nzima. Mtoto akiugua, wazazi wanakaa tu?"

Akasimama Limi, jirani yetu mkulima. "Bujiku baba, mwaka wa faida ulituita wateja. Leo mtoto yu mahututi, ndiyo tunaambiwa tulimzaa sisi?"

Baraza lilicheka mpaka mwenyekiti akasahau kugonga meza. Kaka naye alicheka. "Mama huyu ameniua!"

"Bado," Limi akamjibu. "Shusha bei kwanza, utafufuka."

Mikono iliponyooshwa, wangu ulikuwa upande wa lambo, na kaka aliuona. Nilimwambia usoni: tukikulipia wewe, kesho kila mwenye duka atapandisha bei apendavyo, akijua wakulima watabeba hasara yake. Alinuna kidogo. Usiku tulikula sahani moja.

Leo asubuhi wakulima wanne wamekuja kuinunua mashine. Kaka amekubali, bei itamaliza madeni, naye atabaki kuwa fundi wa mshahara. Ninapoandika anapiga mluzi uani huku akisafisha mikanda. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu mwaka jana.

Msalimie shemeji na mwanao Paskazia, umbusu mdogo wake Ghati. Mama anawaombea afya na mvua njema. Mungu awakalie karibu.

Kuchimba lambo kunaanza Jumatatu, tarehe 24. Kaka yumo kundi la kwanza, na msimamizi wake ni Limi.

Ndugu yako anayekupenda siku zote,
Herman