Mama Hataki Kwenda Mbinguni

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nyumbani kwetu kuna mgonjwa anayejiandaa kwa safari, na mimi peke yangu ndiye ninayejua anakotaka kufika.

Mgonjwa ni mama yangu. Moyo wake umechoka, daktari ametuambia tusimsumbue kwa lolote, na mama huyu amekuwa fundi cherehani maisha yake yote, kazi yake kubwa ikiwa kushona nguo nyeupe za ubatizo, zile ndogo zenye msalaba kifuani, kiasi kwamba nusu ya watoto wa parokia yetu wamebatizwa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, na sasa mama huyohuyo amekataa kuungama, amekataa komunyo, amekataa Mpako wa Wagonjwa, padri amekuja na mafuta yake na kurudi nayo, na mama mdogo alipombembeleza, "Dada, si ni kupakwa tu kwenye paji la uso, mara moja kwisha," mama akamjibu, "Mafuta ya nini? Mimi ni bawaba ya mlango?" tukacheka wote watatu, halafu mama mdogo akaenda jikoni kulia.

Kabla yangu mama alizaa mtoto wa kiume. Aliishi asubuhi moja tu, na watu wote waliokuwepo walikaa kumsubiri padri aliyekuwa safarini, hakuna aliyejua kwamba wakati wa hatari mtu yeyote anaweza kubatiza, beseni la maji likiwa palepale miguuni pa kitanda, na mtoto akaondoka bila ubatizo na bila jina, kisha katekista wa siku zile akaja kumfariji mama, akamwambia asiogope, mtoto hakwenda motoni wala toharani, ila mbinguni pia hataingia, yuko limbo, mahali pa watoto kama yeye, ambapo hakuna maumivu lakini uso wa Mungu hauonekani. Mama hakubishana naye. Alianza tu kupatazama mahali hapo, kidogo kidogo, kila alipokaa kwenye cherehani.

Sasa anapajua kama mimi ninavyolijua darasa langu. Mchana, pazia likiwa nusu limefungwa na mwanga umelala juu ya shuka, ananisimulia kwamba huko kuna mwanga kama wa kabla ya jua kuchomoza, ila jua lenyewe halichomozi, kuna ukumbi mrefu wenye sakafu isiyo baridi, watoto hawalii wala hawaoni njaa, hakuna anayewaita kwa kuwa hawana majina, na upepo unapita taratibu kwenye nguo zao, ambazo ni nyeupe lakini hazina msalaba.

"Nani anawafunga vifungo?" aliniuliza juzi. "Hebu niambie, wewe mwalimu wa jiografia, mwenye ramani zote. Malaika wana vidole vya kazi hiyo?"

"Sijui, mama."

"Basi mimi ninavyo."

Ndipo nilipoelewa. Anaamini kwamba akifa bila mafuta na bila komunyo, mlango wa mbinguni utamkataa, naye ataelekezwa kwa mtoto wake.

Mshauri, mimi nimesoma, najua kwamba limbo haikuwahi kuwa fundisho ambalo Kanisa linamlazimisha mtu kuliamini, na zaidi ya hapo najua jambo ambalo mama hajalifikiria, kwamba hata kwa maneno ya yule katekista limbo ni ya wasiobatizwa, na mama amebatizwa, kwa hiyo hata angefika kwenye ukumbi ule asingeruhusiwa kuingia, lakini nitamwambiaje, maana nikisema limbo haipo ni kama namzika mtoto wake mara ya pili, na nikisema ipo ila yeye hana nafasi humo, ni kama namtuma motoni kwa mdomo wangu mwenyewe. Na mimi pia nimeanza kupaona. Wiki iliyopita nilikuwa nasimamia mtihani, wanafunzi wameinamisha vichwa, chumba kimya, mwanga unaingia bila jua, nikamwona kaka yangu kwenye dawati la mwisho, hana kalamu wala karatasi, ananitazama bila kinyongo.

Siku moja nilithubutu kumuuliza, "Kwani mbinguni hutaki, mama?" Akanipapasa shavu, akasema, "Wewe ulibatizwa mapema, nguo yako niliishona kabla hujazaliwa. Wewe una kwako." Nikaenda kufua.

Nimwambie ukweli, au nimwache na ukumbi wake?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Pole sana. Nimekuonea huruma, na sasa nitakugombeza.

Una mama mgonjwa, nawe umemgeuza mtahiniwa. Unamsimamia kimya, unaona anakosea, unasubiri kengele. Kimya hicho hakimsaidii mtu. Kwenye imani uko sawa: limbo ilikuwa dhana ya wasomi walioshindwa kumweka mtoto mchanga motoni, wasijue pengine pa kumweka. Leo Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na kutuambia tuwe na matumaini, na zipo hata sala za mazishi kwa ajili yao. Katekista alitoa alichokuwa nacho. Kosa lake ni kufunga mlango usiokuwa wake.

Lakini usiende kwa mama yako na kalamu nyekundu. Hiyo hoja yako kwamba amebatizwa na hivyo haruhusiwi kuingia, ni hoja nzuri. Ifungie kabatini, usiitoe. Mwachie mwanga wake. Mwachie sakafu isiyo baridi na watoto wasiolia. Mwambie kitu kimoja tu: kwamba ukumbi ule hauna ukuta upande wa pili, na mtoto wake anauona uso ambao yeye aliambiwa hauonekani. Hutakuwa umemdanganya. Ndilo tumaini tulilo nalo, limesemwa kwa lugha yake.

Kisha muulize jina. Usiniambie mtoto hakuwa nalo. Mwanamke aliyeshona nguo za watoto wa watu miaka yote hiyo ana jina aliloliweka mahali, hakuna tu aliyewahi kumuuliza. Akishakutajia, nenda kwa padri, mwambie safari hii aache mafuta nyumbani, aje na sala za mazishi ya mtoto ambaye hakuzikwa kwa sala, amtaje kwa jina lake pale kitandani. Mama mdogo aache kulia jikoni, atafute kitambaa cheupe na sindano. Mama ashone atakachoweza, nawe umalizie pindo. Na hiyo nguo iwe na msalaba.

Habari ya mafuta, msimwulize tena. Atawauliza yeye. Na kama hatauliza, usikae ukimwona motoni. Mtu aliyeikataa mbingu kwa kumpenda mtoto wake hajamkimbia Mungu, amepotea njia tu akiwa anamwendea.

Sasa wewe. Umeniandikia mengi kuhusu kaka yako, lakini mimi nimekwama kwenye maneno matatu: "Wewe una kwako." Uliyasikia, ukaenda kufua. Nguo gani hizo zilizokuwa na haraka hivyo? Binti yangu, umetumia karatasi nzima kuniuliza kama limbo ipo, na jibu ulikuwa nalo. Unachotaka kujua ni kwa nini mama anafunga safari ya kumfuata mtoto mmoja wakati ana wawili. Hilo siwezi kukujibu mimi. Yeye anaweza, na yuko chumba cha pili, bado anapumua.

Kwa hiyo leo mchana, si Jumapili, leo, kaa kitandani pake, umwambie hivihivi bila kupamba: "Mama, ukienda huko, mimi nitakukuta wapi?" Halafu nyamaza. Usimjibie, usiende kufua. Na vaa blauzi yenye vifungo, uache kile cha juu wazi, kwa ajili ya vidole vyake.