Jina Lako Hatumpi

Mama, mwaka umetimia tangu uanguke kwenye mlango wa chumba cha walimu, asubuhi, ukienda kusaini daftari la mahudhurio. Presha, walisema hospitali. Sisi tunamjua aliyeipandisha.

Shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, ulikuwa na wanafunzi sabini na mmoja. Uliwapigia simu wote, kila siku, umesimama kwenye dirisha la jikoni, mahali pekee penye mtandao. "Mheshimiwa, saba mara nane?" Kila mtoto kwako alikuwa mheshimiwa. Asiyepatikana ulimwandika kwa penseli. "Atapokea jioni," ulisema, "nitafuta."

Kisha simu zikaanza kukupa misiba. Huyu kafiwa na baba, yule na bibi aliyemlea. Ulimliwaza mmoja, ukakata, ukampigia anayefuata. Ukaacha kula. Usingizi ukakukimbia. Siku moja uliniita mimi, binti yako, kwa jina la mwanafunzi, na hukushtuka.

Daktari aliandika barua: ana sonona, apumzike wiki sita. Uliipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la walimu la simu na maneno haya: "Mwenzetu amechoka kukaa nyumbani. Nani ana dawa ya uvivu?"

Wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyesema, acha hizo.

"Dada, toka humo," mdogo wako alikusihi.

"Nikitoka atasema nimetoroka kazi."

Ukabaki, ukisoma kila kicheko. Ruhusa hukupewa. Shule zilipofunguliwa ulirudi darasani ukiwa mgonjwa, na wiki ya tatu tukaitwa kuja kukuchukua.

Mwezi uliopita mkuu huyo alikuja kwetu na sauti laini. Amejenga chumba cha mapumziko kwa walimu waliolemewa, na anataka kukiita kwa jina lako. Akaomba na picha ya kutundika mlangoni. "Alikuwa nguzo yetu," alisema. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Na ile dawa ya uvivu, uliipata?" Mkuu aliiacha chai yake nusu, akaondoka.

Picha hapewi. Jina hapewi. Barua ya daktari na ujumbe wake tumevifikisha kwenye bodi ya shule, na kikao ni Alhamisi. Tutakaa mbele, atuone vizuri. Tangazo hili tumelitoa hapa gazetini kwa sababu tunajua huruki ukurasa huu wa kumbukumbu, mwalimu mkuu. Soma taratibu.

Ulitufundisha kusamehe, Mama. Somo hilo tumelifeli kwa makusudi.

Unakumbukwa na mumeo fundi saa, wanao wawili, mdogo wako mshonaji, na mama mkwe wako, ambaye hadi leo hakuiti mkwe, anakuita mwanangu.

Hatutakusahau kamwe. Wala yeye hatutamwacha akusahau.