Boga la Kitambaa Chekundu

Mpanda Mjini

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba baridi ya asubuhi isiwe imeliamsha goti lako, na kuku wa Usevya wawe bado wanataga bila kubembelezwa. Mimi mzima. Nalala chumba kilekile cha uani kwa tajiri yangu, na dukani misumari inauzwa. Barua hii nimempa konda mkononi kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na haya si maneno ya kusikilizwa na watu waliokuja kuazima chumvi. Dada Vene, wewe unayemsomea, usiruke mstari.

Mama, lile boga la mbegu nililichukua mimi.

Siku naondoka ulinijazia kiroba nyanya chungu, kisamvu na mahindi mabichi, mpaka konda akauliza kama nahama. Havikunitosha. Alfajiri, nikienda kunawa, nilipita bustanini nikaliona limekaa chini ya majani, limefungwa kile kipande chekundu cha kanga ya marehemu bibi. Maana yake naijua tangu utoto: hili haliliwi, hili ni la mwakani. Nikakifungua, nikakitia mfukoni, nikakata kikonyo kwa kisu. Hata tuta sikukanyaga. Mwizi mwenye adabu.

Huku tulilichemsha na mwenzangu wa dukani. Sitaki kudanganya tena: lilikuwa tamu. Tulikwangua sufuria. Mbegu tukazikaanga kwa chumvi, tukazitafuna tukisikiliza mpira redioni. Mbegu alizotuachia bibi zikaishia hapo, na timu yetu ikafungwa.

Uliponipigia ukasema, "Mbuzi hana kisu. Ni Mama Kulwa huyu, anayekatiza bustanini kwangu kila siku kwenda kisimani." Nami nikaguna, kama mtu anayekubali. Juzi Dada Vene kaniambia umeziba njia kwa miiba, na Mama Kulwa, na nyonga yake ile, anazunguka mpaka barabarani na ndoo kichwani. Kanisani mnatakiana amani huku kila mmoja anaangalia viatu vyake. Tangu nisikie hayo, ugali naumeza kama dawa.

Sasa sikia. Pale tulipotupa maganda, karibu na maji ya bafuni, palikuwa pameota mche. Lazima kuna mbegu moja iliyotuponyoka. Umetambaa hadi ukutani, na una boga moja lenye mistari ileile. Bi Zuhura, mke wa tajiri, alianza kuchuma majani ya mboga. Nikamwomba aache. Akaniuliza, "Wewe Deo, shamba hili umelinunua lini?" Nikamjibu ni la mama yangu. Aliniangalia sana, akaenda zake. Boga nimelifunga kitambaa kilekile.

Likikomaa nitalileta mwenyewe. Lakini miiba isingoje boga, Mama. Iondoe leo. Ila kwa nini umeiondoa, usimweleze Mama Kulwa. Hilo ni langu. Nitaanza kushukia kwake kabla ya kufika kwako, hata akinimwagia ndoo nzima.

Nisalimie Baba Mdogo, anayewaambia watu sijawahi kugusa cha mtu. Mwambie apumzike kidogo. Nisalimie na Kulwa. Mama yake usimsalimie. Salamu zake nakuja nazo mimi.

Mwanao, aliyekula ya mwakani,
Deo