Gari ya Mama Haina Klachi

Mwangaluka, Baba.

Naandika asubuhi, ndiyo maana nakusalimia kwa Kisukuma, kama ulivyopenda kusalimiwa kabla hujanywa uji. Kaa vizuri huko uliko, maana hutapenda ninachotaka kukuambia. Nimemnunulia Mama gari dogo, na ni auto.

Najua. Nakuona unavyokunja uso. Ulipokuwa unanifundisha kuendesha ile pikapu yako hapa Kasokola ulisema gari isiyo na klachi ni ya watu wanaotaka kubebwa. Nilikuamini, na mpaka leo nikishika gia ya mkono najisikia mtu mzima. Lakini hii haikuwa gari yangu.

Tangu tukuzike, Mama alikuwa hatoki. Kanisani, kliniki ya presha, mnadani, kote ulimpeleka wewe, yeye kiti cha pembeni, mguu wa kushoto kaunyoosha. Tangu yule maksai amkanyage, goti liligoma kukunjika, na bodaboda hawezi kupanda. Tukakaa kikao sisi watoto. Kaka Masanja, unamjua anavyopenda kumaliza mambo haraka, akasema Mama ahamie mjini. Akapanga chumba Majengo karibu na kwake, akampa ufunguo. Mama akaupokea, akasema asante mwanangu, kisha akaenda kukaa kwenye kaburi lako kule nyuma ya zizi, hata chakula hakugusa. Iliniuma, Baba. Mtu aliyefyeka shamba hili na wewe, mlipofika na ng'ombe wenu hamna hata pa kulala, leo akazeekee kwenye chumba cha kupanga? Nikasema haiwezekani, Mama atajiendesha mwenyewe. Masanja alicheka mpaka akakohoa.

Basi nikatafuta gari kwa namna yako. Unakumbuka ulivyokuwa unanunua maksai? Hulipi mpaka umfunge nira moja na maksai wetu mzee, alime mstari mmoja kwenye udongo ulioloa. Ulikuwa unawaambia wauzaji, "Hapa mnadani amesimama tu, mimi nataka nimwone anavuta." Na mimi nikawaambia wenye magari wawili walete magari yao Kasokola baada ya mvua, tupakie magunia ya mahindi, tupande kile kilima cha kutoka mtoni. Mmoja aliniona kama nimechanganyikiwa, lakini alikuja.

Ya gia za mkono ilipanda na namba mbili bila wasiwasi. Kushuka ikajishikilia kwa injini, breki sikuigusa. Roho yangu ilienda huko, sikufichi. Hata fundi niliyekuja naye alisema hii giaboksi yake ikileta shida anaifungua gereji kwake na kuirudisha, ila ya auto ikifa unatafuta nyingine nzima, na usipoibadilishia oili yake inavyotakiwa umejitakia mwenyewe. Auto nayo ilipanda, ikasitasita kidogo pale katikati. Kushuka ikataka kukimbia, mpaka mwenye gari akanionyesha kuweka kwenye L, ile gia yake ya mwendo mdogo, ikatulia.

Kisha nikamwita Mama akae kwenye usukani. Wewe ulimpima maksai na yule atakayevuta naye, na atakayevuta na gari hii ni Mama. Kwenye ile ya gia, mguu wa kushoto ulifika kwenye klachi lakini haukuweza kuikanyaga hadi chini. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akaniangalia. Sitaki kuyakumbuka yale macho. Kwenye auto mguu ule ukapumzika pembeni, wa kulia ukafanya kazi yote. Akagusa breki, akaachia, akagusa tena. Akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Nikalipa palepale.

Sikudanganyi kwamba alijua siku hiyohiyo. Shule ya udereva alienda, na mwalimu alinyooka kwa jinsi alivyokuwa anaulizwa maswali. Lakini kwenye mazoezi ya nyumbani, akitaka gari isimame aliiambia isimame, kwa sauti ileile aliyokuwa anaongozea maksai wewe ukiwa nyuma umeshika plau. Gari ikaenda kusimama kwenye miiba ya zizi. Akashuka, akaikagua taa, akaigombeza gari. Nilicheka, halafu nikalia, kwa sababu ungekuwepo ungecheka kuliko mimi. Nilikukumbuka sana siku ile.

Sasa leseni anayo. Jumapili iliyopita nilikuwa kwa Masanja, Majengo, tukasikia honi nje. Tukadhani mgeni. Ni Mama, peke yake kwenye usukani, kitenge kipya, na kwenye kiti cha pembeni, kile alichokalia miaka yote, ameweka jogoo amefungwa miguu. Hata hakushuka. Akashusha kioo, akampa Masanja jogoo, kisha akampa ufunguo wa kile chumba. Akamwambia, "Mpe mtu asiye na kwake, mwanangu." Safari hii Masanja hakucheka. Alibaki ameshika jogoo mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili, akimwangalia mama yake anavyogeuza gari bila kuelekezwa na mtu.

Pumzika, Baba. Nakuahidi oili ya ile giaboksi nitaisimamia mwenyewe, na hakuna atakayemtoa Mama hapa wakati yeye bado anapataka. Na jioni ukisikia gari inaingia uani, hujasikia gia hata moja ikibadilishwa, usikasirike. Ni mke wako amerudi nyumbani.

Binti yako,
Kabula