Kioo cha Kwenye Kibuyu Chirizi

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Mwalimu Cornel wa klabu ya afya kanipa daftari. Kila mapumziko nisimame karibu na kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia nje ya vyoo, linaloinama ukikanyaga kamba, niandike asiyenawa. Adhabu: kudeki vyoo. Kwa nini mimi? Eti kwa kuwa napenda vitabu. Nikashindwa kukataa.

Majina kumi na saba. Iddy alinawa hewa, kamba hakuikanyaga! Akaniambia, "Nesi, andika: safi."

Jumanne, 23 Septemba

Evelina kadeki. Rafiki yangu. Nilimwandika jana kwa sababu hakunawa — ningemwachaje? Hapa Haneti kila mwanafunzi analeta maji kutoka nyumbani, na kwao kisima ni mbali. Akanifokea mbele ya watu: maji abebe yeye kichwani, niyamwage mimi, halafu nimwandike! Nikamweleza habari za vikope, ugonjwa wa macho wa wasionawa uso, vilivyompofusha bibi yangu. Akasema bibi ni wangu, si wake.

Jumatano, 24 Septemba

Kamba ya kibuyu imekatwa. Kiti changu kimepakwa tope. Nimefunga kamba mpya.

Alhamisi, 25 Septemba

Ajabu! Kuna mtu kaning'iniza kipande cha kioo juu ya kibuyu. Foleni! Kuluthumu kanawa uso mara tatu. Iddy anasugua chunusi kwa sabuni. Bango langu la vijidudu, nililolichora siku mbili, hakuna anayelitazama. Basi! Nikaandika kwa furaha: "Walionawa: 112. Sababu: kioo." Nikapeleka ofisini.

Njiani kurudi Evelina kanivuta sketi. Kioo ni chake. Nifunge mdomo.

Nimechelewa.

Ijumaa, 26 Septemba

Vioo ni marufuku shuleni. Mimi, ninayezijua kanuni zote, nilisahau! Mwalimu kakiondoa, kasema paredi nzima isikie: shule si saluni, mwenye kioo anarudi nyumbani wiki mbili. "Msaliti," Kuluthumu akasema nyuma yangu. Wengine wakaitikia.

Mapumziko kanawa mtu mmoja tu. Mimi.

Sasa niko ofisini kwa Mwalimu. Kanifungulia daftari, kaandika mwenyewe "Mwenye kioo:" na kutoka. Kengele ikilia kabla sijajaza, ataandika jina langu. Nimeweka shajara juu ya daftari, naandika huku badala ya kule.

Evelina yuko dirishani na dumu lake tupu. Haniombi. Ananitazama tu. Uso wake bado msafi, alivyounawa jana.

Mwalimu anarudi, nasikia viatu —