Hema la Mama na Kitanda cha Pili

Kizota,
Dodoma.
22 Aprili 2025

Mpendwa kaka Ludovick,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Oslo imepungua, na wewe, wifi Penina na watoto hamjambo. Sisi huku wazima. Mama naye mzima, kifua kimetulia, na najua hilo ndilo ulilotaka kulisikia kwanza.

Sasa habari za lile tela lako la kukunjua hema, ulilomtumia mama alalie shambani. Lilifika salama na vitanda vyote viwili vinavutika vizuri, kimoja mbele, kimoja nyuma. Ila hema lenyewe, kaka, lilikuwa limeoza. Ukilishika linakubakia mkononi. Asante kwa chuma na magodoro. Mengine naona uliniachia mimi, fundi turubai wa familia.

Unajua hakuna wa kumtoa mama shambani Bahi mpunga ukianza kukomaa. Ndege wanaamka kabla ya watu, naye anataka kuamka kabla ya ndege. Mwaka jana kibanda kilivuja akaugua homa ya mapafu, na daktari alituonya asilale tena kwenye unyevu. Kwa hiyo sikutaka kubahatisha kitambaa.

Nikabahatisha. Nilishona turubai la plastiki, lile ninaloshonea malori kila siku, maana maji hayapiti kabisa. Nikaenda kulala humo na mama tulijaribu. Akataka tubanane kitanda kimoja, sikujua kwa nini. Mvua haikunyesha, lakini asubuhi mablanketi yalikuwa yamelowa. Pumzi zetu zilikosa pa kutokea, zikawa maji na kutudondokea. Mama akakohoa, akasema, "Evodia, umenishonea sufuria na mfuniko wake." Niliona aibu mpaka basi.

Nikafumua yote. Paa na kuta nikashona kwa turubai zito la pamba, ambalo linapitisha hewa, na likilowa nyuzi zake huvimba zikaziba. Plastiki nikaibakiza sakafuni tu. Matundu ya sindano ndiyo adui, hivyo kila mshono niliukunja mara mbili nikaupaka nta ya nyuki. Nikalimwagia maji, likavuja. Nikaliacha likauke, nikamwaga tena, halikuvuja. Turubai jipya la pamba ndivyo lilivyo, lazima lilowe kwanza.

Jumamosi, mama akiwa keshahamia humo shambani, mvua ilipiga kweli, na simu yake haikupatikana. Kulipokucha nikaenda Bahi. Bodaboda ikatuangusha kwenye tope, nikafika nimelowa chapachapa. Mama yuko zake ndani ya hema anakunywa chai, mkavu, khanga haina hata tone.

Nikataka kukaa kwenye kitanda cha pili nipumzike. Akanizuia kwa mkono.

"Na matope hayo? Hicho kitanda cha kaka yako. Kaa kwenye ndoo."

Kimetandikwa shuka jeupe, kaka, na mto juu. Hakuna aliyewahi kukilalia. Nilikaa kwenye ndoo, chai nikainywea hapo hapo, na machozi yalinilenga.

Msalimie sana wifi, na wanangu Joshua na Emilia. Mjomba Seth na shangazi Aneth wanawasalimu. Mungu awalinde huko mliko na awafungulie njia ya kurudi. Hema halivuji tena. Njoo ulale kwenye kitanda chako, nami nipate pa kukaa.

Mdogo wako akupendaye,
Evodia