Alhamisi Uliyofumba Macho Beni

Papa mupendwa,

Somo la dini katika shule yako ya Butembo sasa nalifundisha mimi. Wiki hii nimefika pale ulipopapenda: jinsi watu wa dini mbalimbali wanavyotafuta ukimya.

Nikiwa mwanafunzi wako, ulitueleza masufi wanaotaja jina la Mungu mpaka wajisahau, watawa wa Kikristo wanaorudia sala moja fupi, na watawa wa Kibuddha wanaofuata pumzi tu, bila kumtaja Mungu. Kisha ukataka kuona kwa macho. Ukanichukua mpaka Beni kwa rafiki yako Saidi, sufi na muuza vitenge, siku ya Alhamisi wanapofanya dhikiri, yaani kulitaja jina la Mungu pamoja. Ulikaa ukutani ukafumba macho. Machozi yalikutoka.

Habari ilitutangulia nyumbani. Wazee wa kanisa letu wakakuita. Mama na mimi tulikaa nyuma.

"Mwalimu, unasema dini zote ni moja?"

"Hapana. Sufi anasema anapotea ndani ya Mungu. Sisi tunasema Mungu anatupokea na majina yetu. Mutu wa Buddha yeye haombi Mungu. Ni tofauti kubwa. Mais lakini bote bananyamaza, na mi nilitaka kujua ni juu ya sababu gani."

"Donc basi, utatubu?"

"Juu ya kunyamaza? Hapana."

Wakakukataza kuhubiri tena kanisani. Njiani mama alikuambia umetuharibia jina. Wewe uliendelea kuja kila Jumapili, ukikaa benchi ya mwisho na kuimba kama watu wengine.

Ulipokufa, Saidi alitoka Beni ingawa watu walikuwa wanaiogopa ile barabara kwa sababu ya mashambulizi. Mzee mmoja wa kanisa akanong'ona kwamba afadhali akae nje. Mama akasimama.

"Huyu ni mugeni wa bwana yangu. Atakaa hapa."

Akamwekea kiti kando ya jeneza. Midomo ya Saidi ilikuwa inacheza bila sauti. Hakuna aliyemkatiza.

Mimi pia nimejaribu kukaa kimya. Nawaza kazi ya kesho, mgongo unauma, nainuka. Sioni aibu kukuambia.

Jana msichana mmoja darasani aliuliza, "Madame, ku mwisho bote banafika pahali pamoja?"

Nikamjibu sijui, mimi sijafika popote. Wakacheka. Halafu darasa zima likatulia, na mimi sikuwaharakisha.

Ulale salama, Papa.

Binti yako